Gurudumu Lililonyamaza

Alama ilianzia katikati ya barabara, pahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuanza chochote.

Inspekta Marcellin Cirhuza alichuchumaa, akakunja mikono ya abakosti, koti lake la kazi, akabonyeza ncha ya kamba ya kupimia ndani ya vumbi. Kutoka pale kitu cha chuma kilikuwa kimeilima barabara ya Ngomo: mfereji mmoja mwembamba, ukienda ukijipanua, ukipinda kidogo kidogo kushoto, hadi kwenye ukingo. Baada ya ukingo hapakuwa na barabara tena. Kulikuwa na hewa, na chini ya hewa uwanda wa Ruzizi umelala kwenye joto lake la kiangazi, na mwisho wa macho mabati ya Kamanyola, yakiwaka na kuzimika kadiri wingu lilivyopita juu yake.

"Unatafuta nini mu vumbi, Inspekta?" aliuliza Camille. "Mambo iko chini kule. Mu vumbi hamuna kitu."

Camille alikuwa mfanyabiashara wa Nyawera, mwenye kamioneti, pikapu iliyoanguka hapa Jumamosi. Ndevu zake hazikuwa zimeguswa tangu siku hiyo, maana aliyekufa katika ajali hiyo alikuwa Honoré, mdogo wake wa tumbo moja. Hakuna aliyemwita kuja. Alifika asubuhi kwenye mlango wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka huko Bukavu, akapanda Land Rover ya Inspekta bila kuuliza, akakaa.

"Natafuta freni," Marcellin alisema.

"Freni gani?"

"Shofere mlevi anashtuka. Akishtuka anakanyaga freni, magurudumu yanajifunga, yanaburuza vumbi. Au anayumba kabla, mara huku, mara kule. Angalia huko juu."

Askari wa jandarme walikuwa wameizungushia sehemu ile mawe na matawi, na malori yaliyopita tangu Jumamosi yalikuwa yamekwepa upande wa mlima. Ndani ya mawe, nyayo za tairi za kamioneti zilishuka sambamba, zimenyooka, kama za mtu mwenye akili zake. Zilifika kwenye shimo dogo lililochimbwa na maji ya mvua zilizopita. Ng'ambo ya shimo, ya kulia iliendelea kuwa nyayo. Ya kushoto iligeuka kuwa mfereji.

"Hapa gurudumu lilikuwa tayari limelala," alisema Marcellin. "Kabla ya kona. Kabla ya freni. Gari bado liko barabarani, na chuma kinagusa ardhi."

"Shofere wangu Philémon alikuwa amelewa." Camille alisema polepole, kama mtu anayerudia sala. "Jandarme walisikia harufu ya kasigisi, pombe ya ndizi, mpaka mu nguo zake. Na mi nilimuosha mdogo yangu na hii mikono. Naye alinukia ile pombe ya Philémon. Honoré hakukunywaka, Inspekta. Tangu alipobatizwa."

Marcellin alishuka ukingoni akijishika kwenye majani, akapekua pale ambapo kamioneti ilijipindua mara ya kwanza. Vioo, karanga, kandambili moja. Halafu, chini ya kichaka, shingo ya kibuyu. Tumbo la kibuyu lilikuwa limesambaa vipande, vimekauka, vikinukia ndizi iliyochacha. Lakini shingo ilikuwa nzima, na mdomoni mwake jani la mgomba lilikuwa limeshindiliwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba yenye mafundo mawili. Alivuta fundo. Halikulegea.

Alipanda nayo, akamwonyesha Camille.

"Njo kibuyu chake," alisema Camille. "Unaona?"

"Naona. Sasa nionyeshe alikunywa kwa wapi."

Camille alikigeuza kibuyu mkononi, akatazama fundo, akakirudisha. "Anaweza kuwa alikunywa ingine."

"Anaweza."

Huko ndiko mambo yalikokuwa yamefika. Philémon, shofere, alitoka katika ajali ile na mkono uliovunjika, akatupwa kwenye kasho, chumba cha mahabusu cha parke. Kesho asubuhi angepelekwa gereza kuu kama mlevi aliyeua, na gereza kuu mtu anaingia kwa miguu yake; kutoka ni habari nyingine. Hakimu alikuwa amempa Marcellin siku hii moja tu.

Alikunja kamba. Lori la chumvi lilikuwa linateremka kwa sauti nzito, na Marcellin akalisimamisha kwa mkono. Alichukua kwenye Land Rover kifuko cha viazi vya Bushi na kipande cha sabuni, akampandishia shofere dirishani.

"Kamanyola, ku shule. Umpe Madame Delphine."

"Niseme ametumiwa na nani?"

"Atajua."

Lori likaingia konani. Walilisikia muda mrefu, likikoroma kila kona, mpaka likawa nukta ya vumbi ikielekea mabati.

"Si ni bibi yako wa ndoa anafundishaka kule?" Camille aliuliza. "Tuko hapa karibu hivi. Ushuke umusalimie. Mi nitangoja."

Marcellin alitazama mabati yakiwaka, yakizimika.

"Kazi iko Bukavu," alisema, akawasha motere.

*

Kasho ya parke ilikuwa na dirisha moja juu, la ukubwa wa kitabu. Philémon alikuwa amesimama chini yake, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha gunia. Alikuwa kijana mrefu wa Bagira, aliyezoea kuendesha na kujibu kwa haraka. Sasa alijibu polepole.

"Kibuyu kilikuwa cha nani?" Marcellin aliuliza akiketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Cha papa yangu. Iko anaishi Kamanyola. Kwetu, mutoto akizaliwa, baba yake anapelekea babu kasigisi. Babu njo anafungua. Anakunywa ya kwanza, halafu anatamka jina, na ile jina unairudisha nyumbani."

"Na ukifungua njiani?"

Philémon alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama watu hula mawe. "Itakuwa nimekunywa jina ya mutoto wangu, Inspekta."

Marcellin alitoa shingo ya kibuyu mfukoni, akaiweka sakafuni kati yao. Philémon aliinama, akagusa fundo kwa kidole.

"Mama Apolline, bibi yangu, njo alifunga," alisema.

"Niambie gari."

"Gari nilisema tangu wiki mingi. Inapiga koko. Gurudumu ya kushoto, ya mbele. Ukiingia mu shimo, koko. Ukikata kona, koko. Barabara ikiwa sawa, inanyamaza, lakini usukani unatembea peke yake. Unaivuta ku kuume, inakubali, kiisha inarudi, kama mbuzi yenye haitaki kamba. Na tairi iko inakulika upande wa ndani, imekuwa kipara."

"Ukamwambia nani?"

"Papa Camille. Naye hakukataa. Alisema, peleka kwa Modeste. Ijumaa nikapeleka. Modeste akaipandisha na kriki, akashika gurudumu juu na chini, akatingisha. Kimya. Akatingisha tena. Kimya kabisa." Philémon alicheka bila furaha. "Akaniambia mbele ya batu yote: Philé, ile sauti iko mu kichwa yako. Mutoto anakunyima usingizi, unalaumia gari. Garaji yote ikacheka. Na mi nikacheka."

"Modeste anakuchukia?"

"Modeste? Njo alinisimamia ku ndoa."

Basi hata mlango huo ulikuwa umefungwa. Marcellin alisimama.

"Kwenye shimo, ulikanyaga freni?"

"Ningekanyaga nini? Gurudumu ilikuwa tayari iko chini yetu."

"Honoré alisema neno?"

Philémon aliangalia dirisha. "Alisema. Lakini ile si ya parke. Nitamuambia kaka yake, siku atakubali kuniangalia."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia tena sauti nyuma yake.

"Inspekta. Ulimuona mutoto? Yuko ananenepa? Hapa ninamusikia tu, mangaribi, ku mulango. Analia mara moja, kiisha wanamuzungusha, anaenda."

*

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama upande wa Kadutu. Kwenye lango la parke wanawake walikuwa wamesimama kwenye mstari na vyakula, maana Serikali ikimfunga mtu, kumlisha ilikuwa kazi ya nyumba yake. Jandarme wa lango alifungua kila chungu, akachovya kijiko, akatafuta visu na barua, na mara nyingine akatafuta nyama.

"Maman, leo ni nini?"

"Bugali na sombe, majani ya mihogo tu," alisema Apolline.

"Sombe ya samaki?"

"Sombe ya sombe."

"Ah. Basi huyo mufungwa wako anateseka kweli."

Wanawake wakacheka, na Apolline naye akatabasamu kidogo. Alikuwa msichana mwembamba, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, na mgongoni mtoto alionekana kipande cha kofia tu. Kila mangaribi alitembea kutoka Bagira mpaka hapa, na kila mangaribi alirudi na sufuria tupu, hata uso wa mume wake hakuuona.

"Mtoto anaitwa nani?" Marcellin aliuliza, ingawa alijua.

"Mutoto," alijibu. "Tunangoja."

Aliweka sufuria kwenye meza ya lango. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha maua, ncha zake zimekutanishwa juu ya kifuniko na kukazwa. Jandarme alikuwa na mikono iliyojaa, basi Marcellin akafungua fundo mwenyewe. Mara tu kitambaa kilipolegea, kifuniko kikacheza juu ya mdomo wa sufuria: koko, koko.

"Samahani, Papa Inspekta," alisema Apolline, akakizuia kwa kiganja. "Si kifuniko yake. Ni ya sufuria ingine, iko ndogo. Njo maana ninafunga. Bila kitambaa, inapiga kelele kutoka Bagira mpaka hapa, batu wanageuka."

Marcellin hakuondoa mkono wake. Alikaza kitambaa, akaitikisa sufuria. Kimya. Akalegeza, akaitikisa. Koko. Kifuniko kilikuwa kilekile, kibovu vilevile. Akakaza tena, akatikisa kwa nguvu hata jandarme akasema, "Inspekta, sombe itamwagika."

"Mama," alisema Marcellin, "ukiwa umefunga hivi, mtu akiitikisa, atajua kwamba kifuniko si chake?"

"Atajulia wapi? Mpaka afungue."

Alimrudishia sufuria kwa mikono miwili.

"Usiende. Kaa hapa ku benchi. Chakula kisiingie kwanza." Kisha akamgeukia jandarme. "Niitie Modeste wa garaji ya Nyawera. Aje na kriki yake na mtaimbo. Mwambie Camille aje. Na hakimu, kabla hajafunga ofisi."

*

Kamioneti ilikuwa nyuma ya parke, imeburutwa pale na lori la jeshi. Upande wa kushoto ulikuwa umebanwa kama kopo. Upande wa kulia ulikuwa mzima, hata kioo chake kilibaki. Marcellin alikuwa ameshalala chini yake kabla ya watu kufika, na abakosti yake ilikuwa imepata rangi ya ardhi.

Kila gurudumu la mbele lilishikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu, mmoja chini. Mwishoni mwa kila mkono kulikuwa na kifundo, mpira wa chuma ndani ya kikombe cha chuma, kama paja linavyozunguka kwenye nyonga. Mafundi wa Bukavu walikiita rotuli. Hicho ndicho kilichoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka bila kuachana na gari. Upande wa kushoto, rotuli ya chini ilikuwa imeachia: mpira umechomoka kwenye kikombe.

Modeste alifika akipumua, mtu mnene, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alipoona kamioneti alivua kofia.

"Ilikatikia mu kuanguka, Inspekta," alisema. "Gari yenye inapinduka vile, kila kitu inakatika."

"Labda. Chuma kinachokatika leo, ndani yake kinakuwaje?"

"Kinangaa. Kama kijivu ya mvua."

"Weka kidole hapa."

Modeste aliingiza kidole kwenye kikombe kitupu, akakitoa. Kilikuwa na unga wa kahawia. Kutu. Koti la mpira lililopaswa kufunika kifundo lilikuwa limepasuka, na ndani ya mpasuko vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na mafuta hata likawa gumu kama tofali. Mpira wenyewe haukuwa wa mviringo tena. Ulikuwa umelika upande mmoja kama pipi iliyonyonywa.

"Hii si ya Jumamosi," alisema Modeste kwa sauti ndogo.

"Hapana."

"Lakini niliitingisha. Inspekta, niliitingisha mbele ya batu."

"Ndiyo maana nimekuita. Gurudumu la kulia halikuanguka juu ya kitu. Limetembea barabara zilezile, miaka ileile. Lipime. Kama ulivyopima Ijumaa, usibadilishe kitu."

Hakimu alikuwa amekuja na mwavuli wake uliokunjwa, akasimama pembeni. Camille alisimama nyuma ya hakimu. Modeste alitia kriki chini ya ubavu wa gari, akazungusha mpaka gurudumu likaning'inia hewani. Alilishika juu na chini, akatingisha. Hakuna. Akaweka bega, akatingisha hata bodi yote ikalia. Gurudumu halikusema neno.

"Unaona?" alisema Camille. "Iko nzima. Hata huku iko nzima."

"Modeste," Marcellin aliuliza, "kwa nini unaweka kriki hapo?"

"Nitaiweka wapi tena? Bukavu yote ni Peugeot. Peugeot unapandisha ku ubavu, gurudumu inaninginia, kama rotuli imelika inacheza. Papa yangu alipandishaka hapo."

"Na resori ya Peugeot inakaa wapi?"

"Juu. Imesimama pamoja na amortisa, ile inazuiaka gari kurukaruka, inasukuma bodi."

"Na hii?"

Modeste aliinama. Aliangalia resori, chuma kile kinene kilichojizungusha, na alikuwa amekiona mara nyingi. Safari hii alikaa ameinama muda mrefu.

"Iko inakalia mukono wa chini," alisema hatimaye.

Marcellin alimgeukia hakimu. "Gari likipandishwa kwa ubavu, resori inapata nafasi ya kujinyoosha. Inausukuma mkono wa chini kwa nguvu zake zote, mpira unavutwa ndani ya kikombe, unakazwa. Kifundo kibovu kinashika kama kipya. Ni kifuniko kisicho chake kilichofungwa kwa kitambaa, Mheshimiwa. Utakitikisa mpaka kesho. Mpaka ufungue kitambaa."

"Na kitambaa hicho kinafunguliwaje?" hakimu aliuliza.

Modeste alikuwa ameshateremsha gari. Alilala kwa tumbo, akasogeza kriki, akaiweka chini ya mkono wenyewe wa chuma, karibu na gurudumu, akaanza kuzungusha. Sasa mkono ulipanda wenyewe, resori ikajikunja chini ya uzito wa gari, na tairi likaachana na ardhi kwa nafasi ya kupitisha kiganja. Alichukua mtaimbo, akauingiza chini ya tairi, akainua kidogo.

Koko.

Akashusha, akainua. Koko. Gurudumu lilipanda peke yake, unene wa kidole, na gari halikupanda nalo.

Kutoka kwenye dirisha dogo la kasho, upande wa pili wa ukuta, sauti ikasema, "Njo ile."

Modeste aliacha mtaimbo, lakini hakutaka bado kuamini. "Inaweza kuwa rulema, ile ya katikati ya gurudumu. Nayo inachezaka."

"Sawa. Tuitenge. Freni ya huku inashika?"

Bomba la freni la kushoto lilikuwa limekatika. Modeste alilikunja, akalibana kwa koleo, akaongeza mafuta ya freni kwenye kopo lake. Walihitaji mtu wa kukanyaga, na Marcellin akamtazama Camille.

"Panda."

Camille alipanda upande wa kulia, uliofunguka, akapita juu ya kiti cha abiria, akaketi nyuma ya usukani uliopinda. Alikanyaga mara kadhaa mpaka kanyagio likawa gumu.

"Shika hapo," alisema Marcellin. "Freni imelishika gurudumu kwenye mhimili wake. Kama ni rulema, sasa litanyamaza."

Modeste akainua mtaimbo. Koko. Alimpa Marcellin mtaimbo, akaweka vidole vyake juu ya rotuli, akafumba macho.

"Inua."

Koko.

"Inaruka," alisema Modeste. "Mupira inaruka mu mikono yangu." Aliketi chini, mgongo wake kwenye tairi. "Nilimucheka. Alikuja na sauti, na mi nikamuambia iko mu kichwa yake."

Hakimu alivua saa yake, akaitia mfukoni, akainama, na yeye mwenyewe akainua mtaimbo. Alisikia. Akauliza habari ya kibuyu, akaonyeshwa fundo, akajaribu kulilegeza kwa kucha, akashindwa.

"Mtoeni yule," alisema. "Na fundi atasema mbele yangu maneno haya haya, kesho."

"Nitasema," Modeste alijibu. Halafu akasimama ghafla. "Mheshimiwa, kuna kamioneti ingine. Ya rangi ya bluu, kama hii, resori yake vile vile. Inapandisha batu Bunyakiri siku ya soko. Niliipima juzi. Niliipandisha ku ubavu." Aliangalia jua. "Iko inalala Bagira. Haijaondoka."

Hakungoja ruhusa. Alikimbia akipita lango, mnene vile, akaacha kriki yake chini ya gari.

Camille alikuwa bado amekanyaga freni. Hakuna aliyemwambia aachie. Alikuwa anaangalia kiti cha pembeni yake, mahali ambapo kitambaa cha kiti kilikuwa kimelala kwa kukaliwa na mtu yuleyule siku nyingi.

Philémon aliletwa na jandarme, akipepesa macho kwa mwanga. Alisimama kwenye mlango wa kamioneti. Camille alimwangalia.

"Papa Camille."

"Alisema nini?" aliuliza Camille. "Ku mwisho."

"Alisema: Philé, kuna kitu imeanguka. Basi."

"Sauti yake ilikuwa na woga?"

Philémon alifikiri, maana alitaka kusema kweli. "Hapana. Ilikuwa kama mutu anauliza. Kama angetaka tusimame, ashuke kuiokota."

Camille alitikisa kichwa, mara nyingi, taratibu. Kisha akaondoa mguu kwenye freni.

*

Langoni, jandarme alikuwa ameshachukua kijiko chake.

"Weka hiyo," Marcellin alimwambia. "Mama Apolline, leo chakula hakiingii. Rudi nacho nyumbani."

Apolline aliinuka kwenye benchi, akiwa amekumbatia sufuria, uso wake umeanza kubadilika kwa hofu. "Amekataa kula? Ao wamemupeleka tayari?"

"Atakula Bagira," alisema Marcellin, akasogea pembeni.

Philémon alikuwa nyuma yake. Hawakukimbiliana. Apolline alimwangalia kuanzia miguuni, akaona kandambili moja tu, akaona gunia kwenye mkono. Aliweka sufuria chini, akafungua kitambaa cha maua kutoka kwenye kifuniko, akakizungusha shingoni mwa mume wake, akauingiza ule mkono ndani yake vizuri, akakaza mafundo mawili. Halafu akageuka nyuma ili aone mtoto. Philémon aliinama, akaweka uso wake karibu na kofia, akakaa hivyo akivuta pumzi.

"Ananenepa," alisema.

"Anakunywa sana. Kama wewe," alisema Apolline, na jandarme akacheka kuliko wote.

"Nitatafuta kibuyu ingine," Philémon alisema. "Inspekta, unajua lori yenye inashuka Kamanyola Jumapili?"

Marcellin alikuwa anakung'uta vumbi kwenye abakosti yake, na vumbi lilikataa kutoka.

"Kuna Land Rover," alisema. "Nitaipima kwanza. Kisha tutashuka. Nami nina mtu kule."

Wakaondoka. Philémon alibeba sufuria kwa mkono wake mzima, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa shingoni mwake, hakukuwa na kitu cha kukishika kifuniko. Kila hatua kikapiga: koko, koko. Watu waligeuka kuangalia. Apolline alisema kitu, akicheka, akanyoosha mkono kukizuia, kisha akakiacha.

Marcellin alisimama langoni akiisikiliza sauti hiyo ikiteremka barabara ya kuelekea Bagira, ikipotea nyuma ya motere, ikirudi, mpaka aliposhindwa kujua kama bado anaisikia.